Tumbo Lina Mwenyewe

Chai ile haikuwa na maziwa wala siagi, lakini juu yake palielea mafuta. Fundi aliyaona kabla mumewe hajayaona: vijiduara vya manjano vikikimbizana kikombeni, vikikutana, vikiungana. Akaimwaga, akasugua kikombe kwa sabuni na maji ya moto, akachemsha nyingine. Mafuta yakarudi.

"Mke wangu, siku hizi vyombo unaviosha kwa mate?" mumewe aliuliza, akikisukuma kikombe kwa ncha ya kidole.

Mumewe alikuwa wakala wa bima, na mtaani walimwita Kifungu. Jina lilimpata kihalali. Mtu akigongwa na gari, akiunguliwa na nyumba, hata akizikwa, Kifungu alijua ni kifungu gani kinachosema kampuni hailipi. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba cha kushonea pale pale nyumbani, na watu wote walimwita Fundi. Watoto wao walikuwa shule ya bweni.

 Fundi alikuwa ameshika ubavu wake wa kushoto, ambapo bandeji ilikuwa imelowa tena.

Habari ya tumbo ndiyo mzizi wa yote, basi tuiseme bila haya. Baada ya watoto watatu, tumbo la Fundi lilikuwa limeshuka, laini, lenye michirizi, na chini ya kitovu lilikuwa na kovu la pembetatu, alipojiunguza kwa ncha ya pasi akinyoosha gauni la bibi harusi. Lilikuwa tumbo la mama watoto, halikumkosea mtu. Lakini Kifungu alilifanya mzaha wa kukaribishia wageni. "Huyu wa mwisho atazaliwa lini?" angeuliza, akilipiga kofi, na wageni wangecheka huku wakitazama sakafu. Mwaka nenda, mwaka rudi. Mwishowe akamletea tangazo la kliniki ya urembo, akasema ni zawadi yake ya ndoa: mafuta yatafyonzwa, ngozi ya ziada itakatwa, atarudi msichana. Fundi akasaini. Mtu akichekwa vya kutosha husaini chochote.

Alirudi na tumbo bapa upande mmoja tu. Upande wa pili palibonyea shimo, kando ya shimo pakaota uvimbe mgumu wa kadiri ya yai, na katikati pakabaki kitundu kisichofunga, kikitoa maji mazito yanayonuka yai viza. Na kulikuwa na jingine ambalo hakumwambia mtu. Mara nyingine, akiwa kwenye cherehani, alihisi kwamba lile tumbo lililoondolewa bado analo, ila limelala mbali naye, mahali pa baridi, penye maji, gizani.

Walirudi kliniki. Daktari wa upasuaji alikuwa na meno meupe na mikono inayonukia marashi. Alilibonyeza lile yai, usaha ukachuruzika juu ya glovu yake, akageuza uso pembeni kama mtu aliyeona kinyesi cha paka.

"Kazi yangu niliifanya vizuri, mama," alisema. "Mwili wako ndio haukupona vizuri. Kurekebisha ni operesheni mpya, na mpya hulipiwa upya."

"Daktari, mkono uliokata ni wako. Mimi nikimharibia mteja gauni, simdai pesa ya kulifumua."

"Gauni halina damu, mama. Halitungi usaha. Halafu ulisaini."

Fundi akamgeukia mumewe. Mtu huyu alikula na kuvaa kwa kubishana nani alipe. Angalau leo abishane kwa ajili yake. Kifungu akakohoa.

"Bima haigusi urembo," alisema. "Na tusidanganyane, mke wangu. Saini ni yako, mwili ni wako. Mimi nilitoa zawadi, na mtoa zawadi hatengenezi ikivunjika."

Basi wakatoka, kila mmoja amemtupia mwenzake mzigo, na kidonda kikabaki kwa mwenye kidonda. Walipopita nyuma ya kliniki kuelekea kwenye gari, mtu mwenye buti za mpira alikuwa akimimina ndoo kwenye shimo la zamani lenye mfuniko wa zege. Kilichotoka kilikuwa cha manjano, kizito, kinaanguka kwa mafungu. Kila fungu lilipogonga maji kule chini, Fundi alishtuka, kwa maana alilihisi tumboni mwake.

Tangu siku ile mambo yakazidi. Ikifika saa ya jua la utosi, mtaa ukiwa umenyamaza na Kifungu yuko kazini, Fundi alisikia mtu akifuta miguu kwenye zulia la mlangoni. Kru, kru, kru. Alifuta kwa bidii na kwa muda mrefu, kama mgeni mwenye adabu aliyekanyaga uchafu, halafu haingii. Fundi akifungua, hapana mtu, na zulia limelowa mafuta ya vuguvugu. Harufu ikafuata, ya nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko, ikaingia kwenye mashuka, kwenye nywele, kwenye mswaki. Vitambaa vyeupe vya wateja vikaota madoa ya duara. Na adhuhuri moja, bomba la jikoni lilipokohoa na kutema kitu laini kilichomwangukia kiganjani na kukaa pale bila kuyeyuka, alipanda ngazi hadi kwenye tangi huku amejiziba pua kwa upindo wa kanga, akauinua mfuniko, akaona maji yote yamefunikwa utando wa mafuta ulioganda, unene wa kidole, wenye vinywele, na katikati ya utando ule, kimetandazwa vizuri kama kitambaa kinachosubiri mkasi, kipande cha ngozi yenye michirizi na kovu la pembetatu, nao walikuwa wameyanywa maji hayo wiki nzima.

Alitapika pale pale juu ya ngazi.

Mganga aliyeletwa na majirani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye duka la magodoro, na alikuja alasiri kwa haraka ya mtu aliyemwachia mwingine duka. Alinusa sebuleni mara moja, akatema mate kwenye leso.

"Jini huyu hana hasira," alinong'ona. "Huyu amekinaishwa. Afadhali wenye hasira."

Alimketisha Fundi kwenye mkeka, akamfunika kichwa, akakipitisha chetezo. Kifungu alisimama mlangoni amekunja mikono. Moshi ulipotanda, zulia likalia: kru, kru, kru. Safari hii nyayo ziliingia, zikinata sakafuni, chwap, chwap, hadi kwenye mkeka. Fundi akafunua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanaume mtu mzima, mchovu, mwenye heshima zake.

"Mimi ni mwenye nyumba. Nakaa kwenye shimo nyuma ya kliniki, tangu kliniki haijajengwa. Nina mke, nina watoto, nina wakwe wanaonitembelea. Na ninyi mnanimwagia nyama zenu mlangoni. Watoto wangu wanateleza. Chakula chetu kinanuka ninyi. Mnanuka, jamani! Hamjijui tu."

"Tusamehe, bwana," alisema mganga. "Unataka nini kwetu?"

"Sitaki kitu, ndiyo maana nimerudisha. Uchafu una mwenyewe. Nilimpelekea daktari, akasema si wake, ni wa mteja. Nimemletea mteja, naye kutwa analia kwamba hakutaka, alitakiwa. Sasa nauliza. Nani aliyetaka?"

Mganga akamtazama Kifungu.

"Mnanitazama mimi?" Kifungu alisema, sauti imempaa. "Hapana maandishi yoyote yenye jina langu."

"Sisi hatusomi," alisema jini. "Sisi tunasikia."

Na kinywa cha Fundi kikatoa sauti ya Kifungu mwenyewe, pamoja na kile kicheko chake cha puani: "Huyu wa mwisho atazaliwa lini?" Likasikika kofi juu ya nyama, ilhali mikono ya Fundi ilikuwa imelala mkekani. Sauti ikarudia, na kofi, ikarudia, na kofi, na kila mara mafuta ya manjano yalimtoka mdomoni, yakamchuruzika kidevuni hadi kifuani.

"Sema ni lako, baba," mganga alinong'ona. "Lakini usiseme ovyo. Kwa wenzetu hawa neno ndilo saini."

Kifungu akapima. Hapakuwa na karatasi, wala mhuri, wala shahidi ila muuza magodoro. Katika kazi yake maneno ya namna hiyo hayakumfunga mtu, na harufu ilikuwa inamuua.

"Haya, ni langu."

"Kabisa?" jini aliuliza.

"Kabisa!"

"Ahsante sana."

Nyayo zikatoka. Mlangoni miguu ikafutwa kwa mara ya mwisho, taratibu, kwa raha.

Fundi alipozinduka, kitundu kilikuwa kimefunga, yai halipo, tumbo lake limekuwa laini kama la binti. Akalia kwa furaha. Mganga alimsaidia kusimama, lakini uso wake haukukunjuka.

"Mzigo umekabidhiwa, mwanangu," alimwambia sikioni. "Ila uzi haujakatwa. Nyama na mwenye nyama, hata majini hawawatenganishi."

Fundi hakuelewa, wala hakutaka kuelewa. Maji ya bomba yalikuwa meupe, na alikunywa bilauri baada ya bilauri.

Asubuhi alisikia yowe kutoka bafuni. Kifungu alikuwa mbele ya kioo, taulo limemshinda kufunga. Tumbo lilimning'inia hadi mapajani, lenye michirizi, limebonyea kushoto, lina yai lake na kitundu chake kinachovuja. Chini ya kitovu kulikuwa na pembetatu ya pasi. Fundi, tuseme kweli, alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanyoosha kidole, akaligusa lile kovu.

Kicheko kikamkatika. Kidole kilikuwa juu ya mwili wa mumewe, na mguso aliusikia yeye.

"Baba watoto," alisema polepole. "Hilo tumbo nalisikia mimi."

Kifungu akalifinya kwa nguvu. Fundi akapiga kelele, akapiga magoti. Kifungu alimtazama, akalitazama tumbo, akafinya tena, na tena, na machoni pake ukaja ule utulivu wa mtu aliyepata kifungu anachokitafuta.

"Mimi sisikii kitu," alisema.

Akachukua simu. Fundi alimng'ang'ania mkono, akimwomba kwa majina ya watoto wao, lakini Kifungu alishaanza kuzungumza.

"Daktari, naja sasa hivi, ulitoe lote. Nalipa mimi, ndiyo, mimi mwenyewe." Akasikiliza kidogo. "Ganzi ya nini? Ifute hiyo, upunguze gharama. Nakwambia sisikii kitu."

Akalifunika tumbo kwa koti, akamvua Fundi vidole mkononi mwake, kimoja kimoja, bila ukali.

"Si ulikuwa unataka mtu alipe, mke wangu? Haya. Safari hii nalipa mimi."

Fundi alimkimbilia nje peku. Gari lilikuwa limeshawaka. Akiwa amesimama kwenye changarawe, mikono imekumbatia tumbo lake laini lisilo na alama, alihisi mkanda wa kiti ukimbana chini ya kitovu.