Sœur Hapana na Wimbo wa Guelor

— Tutoke! Mapalo, tutoke mbio! Hausikie banapiga muziki ya dunia humu?

Guelor alimshika mchumba wake mkono na kumvuta nje ya duka, katikati ya mji wa Lubumbashi, voile, shela ya harusi, ikiwa bado kichwani mwake. Mama Ngalula, mwenye duka, alilazimika kuwafuata mpaka mlangoni.

— Papa Guelor, acha kwanza bibi avue voile yangu!

Mapalo aliivua huku akicheka, akaomba radhi. Moyoni alikuwa na furaha isiyo na mfano. Harusi ilikuwa Jumamosi ijayo, na mwanamume huyu, wallahi ni Mungu mwenyewe aliyempa.

Nikuambie huyu Mapalo ni nani. Kule mtaani Ruashi walimwita Sœur Hapana, yaani Dada Hapana. Bia? Hapana. Kitenge chenye chapa ya bia, hata cha kupewa bure? Hapana. Terrasse za Karavia, zile baa za nje za kunywa na kucheza, na filamu za watu kuvuana nguo? Hapana, hapana. Duka likipiga nyimbo za kuzungusha kiuno, aliacha bidhaa mezani akaenda zake, hata bei ingekuwa tamu namna gani. Hakumhubiria mtu. Aliyemcheka, alimwacha acheke.

Wanaume walishamkimbia kwa sababu hiyo. Guelor hakukimbia. Tena miezi hii ya mwisho alikuwa amempita hata yeye: alizima redio ndani ya teksi za watu, akawakemea vijana wenye vipaza sauti barabarani. Mapalo aliona kwamba hayo ndiyo mapenzi.

Simu ya Guelor ikalia. Akaitazama, akaigeuza upesi.

— Ni ya kazi. Enda nyumbani, chérie. Tutapata magasin ingine, ya bantu ba Mungu.

Akaondoka. Mapalo alikuwa karibu kupanda teksi alipokumbuka kwamba kipande cha kitambaa cha gauni lake, alichokileta ili voile ifanane nalo, kimebaki mezani kwa Mama Ngalula. Akarudi.

— Mama, samahani. Nilisahau kitambaa yangu.

Mama Ngalula alipomwona tu, alinyoosha mkono akazima muziki.

— Aksanti, Mama.

— Haina mambo. Mais minashangaa, Papa anakimbia wimbo yake mwenyewe!

— Wimbo yake namna gani?

— Shi njo Guelor Kasonde wa Ruashi? Kila mara bakimuimba, picha yake inatoka ku video. Balimutupia libanga!

Libanga ndiyo hiyo: unamlipa mwanamuziki, naye analitaja jina lako katikati ya wimbo, mji mzima ukusikie. Mapalo hakuupenda mchezo huo, lakini uso wake ukang'aa bila yeye kutaka. Kumbe mwanamume alitaka kumfanyia ajabu, kisha akaona haya!

— Na miye, Mama? Banaita na jina yangu?

— Weye unaitwa nani?

— Mapalo.

Mama Ngalula akaanza kukunja voile ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

— Mama. Tia ile wimbo.

— Mwanangu, shi weye hausikilizaka...

— Tia.

Gita likalia, ngoma ikaingia, na katikati ya fujo ile sauti ya mwanamume ikaita: “Guelor Kasonde, kijana ya Ruashi, mupenzi ya Michelle! Michelle wa Karavia, Guelor anakufa juu yako!”

Mapalo alishika ukingo wa meza. Ilimuuma. Akampigia Lydie, rafiki yake wa chorale, kwaya ya kanisa.

— Lydie, kuko wimbo inaita jina ya Guelor. Unaijua?

— Wimbo gani? Miye...

— Lydie!

— Mapalo, chorale nzima inaijua! Tungekuambia namna gani? Ungetuuliza tuliisikia wapi!

Alikata simu. Akafuta uso, akaandika ujumbe: “Chéri, rudia kwa Mama Ngalula. Alizima muziki. Nimeipata voile.”

Jibu likaja palepale: “Gloire à Dieu! Nakuya.”

Guelor aliingia akitabasamu, mkononi na chupa ya jus baridi aliyomnunulia.

— Iko wapi hii voile, bwana aone bibi yake?

— Tia, Mama, akasema Mapalo.

Gita lilipolia tu, Guelor alirukia kipaza sauti.

— Hapana! Hapana! Ni zambi! Zima!

— Leo weye njo unasema hapana?

Jina likaitwa. Ruashi. Michelle. Karavia. Guelor akageuka akitokwa na jasho.

— Ba Guelor beko bengi mu Lubumbashi.

— Na picha yako ku video, nayo ni ya Guelor mwingine?

Guelor akatazama mlango. Kisha akainua kidole, mtu huyu hana hata aibu:

— Na weye! Mukristo muzima, unasikiliza muziki ya dunia!

— Nilisikiliza. Nitalomba Mungu musamaha. Weye utamulomba nani?

— Bon! Basi sikia ukweli. Unanichokesha! Hatuchezaka, hatuendaka terrasse, hata film hatuangaliaka. Miye ni mwanaume. Michelle anachezaka na miye!

— Nilikukataza siku gani?

Guelor akaiweka chupa ya jus mezani.

— Nilisema miye siendaka. Sikusema weye usiende. Ungeniambia siku ya kwanza, “Mapalo, miye napenda kucheza,” tungeachana na amani. Mais weye ulitwaa bintu byote miye nakataaka, ukabifanya nyumba ya kujificha. Ulijua kama miye sitafika kule.

Guelor akapiga magoti.

— Chérie, ndoa ni samedi. Bantu balishapata invitation. Michelle nitamuacha. Na weye ulegeze kidogo, tukutane katikati.

— Hapana.

Neno lile lile walilomchekea Ruashi nzima. Siku hiyo lilitoka kinywani mwake tamu kuliko asali. Akavua pete, akaiweka juu ya kipaza sauti, nayo ikaanza kutetemeka kwa ngoma.

— Mupelekee Michelle. Uniambie nani atamwambia mama yako, weye ao wimbo.

Guelor aliokota pete, akatoka bila kumuaga Mama Ngalula, na chupa yake ya jus akaisahau. Hapo ndipo Mapalo alipolia. Alilia kwa sauti, akijifuta kwa kile kipande cha kitambaa cha gauni, na Mama Ngalula akamshika mabega.

Alipotulia, alijiweka sawa, akakunja kitambaa chake na kukitia ndani ya mkoba.

— Na voile, mwanangu?

— Unitunzie. Nitakuya kuitwaa na mwingine, mwenye hatakimbia mu magasin yako.

Nyimbo hizi ni ndefu. Gita lilikuwa bado linalia, na sauti ilikuwa imeanza tena kumwita Michelle.

— Niiache iendelee?

— Zima, Mama. Miye sisikilizaka muziki ya dunia.