Kidonge cha Mzee Sylvester

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Ester alimpelekea bibi yake uji na maji ya kumezea dawa. Na kila asubuhi alikuwa na swali. Kwa nini sindano haitoshi? Vidonge vinaijuaje njia ya kwenda kwenye damu? Bibi Mogesi, aliyeugua saratani ya damu, ile inayokwenda mbio, alicheka tu. "Mjukuu wangu, mimi nameza."

Bibi alikuwa kwenye utafiti wa hospitali huko Mwanza. Wagonjwa wengine walipewa dawa mbili, wengine hizo hizo mbili na ya tatu juu yake, ili madaktari walinganishe. Kompyuta ndiyo iliyochagua, kwa bahati nasibu, nani apate nini. Bibi aliangukia kwenye mbili, na jambo hilo lilimkera sana Nikodemo, baba yake Ester.

Jumamosi moja Nikodemo alirudi Ringwani kwa bodaboda kutoka Matongo, kwa Mzee Sylvester, mgonjwa mwenzake bibi. Akafungua kikaratasi chenye vidonge vya njano.

"Amenigawia. Yeye yuko kwenye tatu. Mama, meza."

"Baba," Ester aliuliza, "kama ni bora, mbona daktari hakumpa bibi?"

"Kompyuta ilimnyima."

"Kwani kompyuta inamjua bibi?"

Nikodemo alimsogezea mama yake maji. Bibi alikuwa ameshashika kidonge, na Ester aliogopa kwelikweli.

"Tumpigie daktari kwanza."

"Atatugombeza."

"Atugombeze bibi akiwa mzima!"

"Piga, mura, kijana wangu," bibi alimwambia mwanawe. Nikodemo akapiga, akaweka spika, akamsogezea Ester simu.

"Shikamoo daktari," Ester alianza, akaeleza yote.

"Asimeze!" alisema Daktari Clement, aliyemtibu bibi kwenye utafiti ule. "Bila vipimo, dawa hiyo inaweza kuishusha kinga yake, homa ndogo tu ikamzidi. Na Mzee Sylvester atapungukiwa dozi. Virudisheni leo leo."

"Daktari, kati ya mbili na tatu, ipi bora?"

"Sijui."

Nikodemo aliitazama simu kana kwamba imeharibika.

"Ningejua, ningewapa wote," daktari aliendelea. "Tatu zinaweza kuiua saratani zaidi, au kumdhoofisha mgonjwa zaidi. Na ningechagua mwenyewe badala ya kompyuta, ningewapa tatu wale wenye nguvu. Wakipona, ningeisifu dawa, kumbe ni nguvu zao."

Nikodemo alicheka kwa aibu. "Dawa mpya ya kupe nililipaka dume langu lililonona, ya zamani nikawapaka ndama waliokonda. Kisha nikatangazia kijiji kizima kwamba mpya ni kiboko!"

Akapanda bodaboda, akavirudisha vidonge.

Safari iliyofuata ya Mwanza, vipimo vilionyesha kwamba damu ya bibi imeanza kupata nafuu, ingawa matibabu yangeendelea. Walipofika nyumbani, bibi alimkalisha Ester karibu yake.

"Kuuliza si ujinga, mjukuu wangu. Swali lako limeniokoa. Waganga wengi waliniambia wanajua, wakala mbuzi wangu. Huyu ni wa kwanza kuniambia hajui, na kwamba anatafuta. Ndiye ninayemwamini."