Mwanakwaya Akiolewa Huhama

"Chérie, ukiolewa unahamia kwetu Richfield," Eliezer alisema akipanga viti. "Mke hufuata kanisa la mume. Ndivyo tulivyofanya tangu kambini."

"Na nyimbo zangu?" Nyiraneza aliuliza.

"Nyimbo ni za kwaya, zinabaki hapa. Kwetu mtunzi yupo. Wewe utaimba alto."

Harusi ilikuwa mwezi ujao, Juni 2016. Nyiraneza alimvuta hadi kwenye picha ukutani, katika kanisa la mjini Saint Paul ambalo Wakongomani walipangishwa.

"Huyu unamjua?"

"Bibi Thorne. Tajiri wa zamani aliyejenga kanisa."

"Kila mtu anajua pesa zake tu. Tangu usichana alikuwa anatunga nyimbo. Alipoolewa, mumewe akamwambia muziki wa nini, ana nyumba ya kutunza. Akaacha kutunga. Mume alipokufa ndipo akajenga hapa, akasomesha mayatima muziki, akaanza kutunga tena akiwa ameshazeeka."

"Sasa mimi na wazungu wa karne iliyopita tunahusianaje?"

"Sitaki kusubiri ufe ndipo nitunge."

Eliezer alichukua koti lake akaondoka.

Ndani ya treni ya Green Line, akirudi nyumbani, Nyiraneza alikumbuka kambi ya wakimbizi ya Gihembe. Alikuwa akitunga kwenye foleni ya maji, na Eliezer, kijana mwembamba mwenye sauti nzito kuliko umri wake, alikuwa wa kwanza kushika kila wimbo. Jioni alipita nao kila mstari wa mahema mpaka watu wazima wakauimba. Walikuwa hawana kitu. Mbona walicheka vile?

Akamwandikia: "Yule wa Gihembe ndiye niliyemkubali. Huyu wa Richfield simjui."

Siku zikapita, Eliezer hakurudi. Mama yake, Bernardine, akapiga simu.

"Umemfukuza?"

"Ameondoka mwenyewe, Mama."

"Mimi niliolewa, nikahama kwaya. Umewahi kunisikia nikiimba?"

"Hapana."

"Basi usimpigie."

Jumamosi, mazoezi yakiendelea, Eliezer aliingia akaketi kwa wanaume wa besi.

"Umefuata nini?" Nyiraneza aliuliza mbele ya wote.

"Nimehamia hapa. Nimeshawaaga Richfield."

"Wamesemaje?"

"Wanasema nimeolewa."

Kwaya nzima ikaangua kicheko.

"Ukawajibu nini?"

"Kwamba ni kweli, ila mahari nimetoa mimi." Akainamisha kichwa. "Ujumbe wako niliusoma kila siku, Nyira."

Nyiraneza akageukia ukuta kidogo, akajifuta macho kwa kiganja.

"Haya, besi simameni," alisema. "Wimbo mpya, mnaanza nyinyi."