Chupa Zilizozunguka Kaburi la Ayuma

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Manyunyu yalikuwa yakianguka katika mtaa wa Njiru. Nabwire alikuwa amekwisha kufyeka nyasi, kulima na kufagia mahali palipokuwa kambi ya wachimbaji mawe.

Miaka ishirini iliyopita, yeye na mumewe Mulama waliishi katika kambi hiyo. Mtoto wao Ayuma alizikwa nyuma ya nyumba, kwa sababu walishindwa kumsafirisha hadi kwao Busia. Jumatatu, ujenzi wa ghorofa ungeanza. Walitaka kaburi lijulikane kabla ya tingatinga kufika.

Mulama alifika na Ilwad, mwanaakiolojia, yaani mtaalamu anayechunguza mabaki ya maisha ya zamani ardhini.

"Karibu, mwanangu," alisema Nabwire. "Mgeni hapokelewi penye taka."

Mulama alicheka. "Mama Ayuma, huyu amekuja kutafuta hizo taka. Umemnyang'anya kazi."

Kisha akaliona gunia la chupa kuukuu kando ya jembe.

"Hizi chupa umezitoa wapi?"

"Zilikuwa zimefukiwa, shingo chini. Nimezing'oa zote sita. Zingemkata mtu mguu."

Mulama alichuchumaa. "Nilizizungushia kaburi. Wewe ulikuwa bado umelazwa hospitalini."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Na mimi sikuweza kulisema."

"Mama, unaweza kuonyesha zilipokuwa?" aliuliza Ilwad.

Nabwire aliutazama udongo. Jembe lilikuwa limesawazisha kila mahali.

"Wengi hufanya hivi," Ilwad alisema kwa upole. "Chupa tunazo, lakini mahali pake ndipo palipokuwa na habari. Ukikuta kitu cha zamani, usikiokote wala usikisafishe. Kipige picha, weka kigingi kando yake, kisha ujulishe makumbusho."

"Basi nimempoteza mara ya pili."

Ilwad alipiga magoti, akakwangua udongo taratibu kwa mwiko mdogo wa chuma. Kufikia adhuhuri alikuwa amepata jivu la meko na madoa manne meusi ya nguzo zilizooza. Nyumba ikajulikana ilipokuwa. Nyuma yake palikuwa na eneo la upana wa chumba kimoja. Kaburi lilikuwa humo. Ni wapi hasa, hata Mulama hakuweza kukumbuka bila chupa zile.

Ilwad alichora ramani, akaipeleka makumbusho. Msimamizi wa ujenzi alikubali kuliacha eneo lile nje ya msingi. Mulama alipigilia vigingi na kuzungusha kamba. Nabwire aliwapigia simu majirani watatu wa zamani, akawaambia wasiguse kitu chochote cha zamani watakachokikuta ardhini. Kisha akaketi nje ya kamba, kwa kuwa hakujua ni wapi angeweza kukanyaga.