Lebo Ndani ya Mkoba wa Babu

Kila siku Nusu alipotoka shule, kazi yake ya kwanza haikuwa kula, bali kupaka nyuzi nta. Jina la Nusu alilipata kwa mkunga, ambaye alimwona amezaliwa mdogo kiasi cha kujaa kiganjani, akasema huyu ni nusu mtoto, nusu nyingine itakuja baadaye. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na alikula chakula cha watu wawili, lakini jina lilikuwa limekataa kutoka.

Alivua viatu mlangoni, akamwamkia babu yake, akaketi kwenye kigoda na kuuvuta uzi juu ya donge la nta, mara moja, mara mbili, mpaka uzi ukawa mgumu na unang'aa. Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Baba alikaa karibu na mlango, kwenye cherehani, akishona mikanda na kubadilisha zipu. Babu alikaa dirishani penye mwanga. Yeye hakugusa cherehani. Alishona mikoba ya ngozi kwa mkono, kwa sindano mbili zilizopita katika tundu moja, moja inakwenda na nyingine inarudi, zinapishana kama majirani wasiosalimiana.

Mitaa miwili kutoka hapo palikuwa na duka la mikoba lenye kioo kikubwa mbele, na kwa sababu hiyo mwenye duka aliitwa Mama Kioo. Bidhaa zake zote zilitoka nchi za mbali. Mikoba iliyofika imekwaruzwa aliileta kwa Baba ing'arishwe, na Nusu ndiye aliyeirudisha, kila mmoja umefungwa kwenye karatasi. Kwa hiyo familia ilikula kwa kung'arisha kazi za mafundi wasiowajua, huku kazi zao wenyewe zikining'inia ukutani.

Mwaka ule Babu alitumia miezi minne kushona mkoba mmoja. Macho yalikuwa yamechoka na alishona saa chache za asubuhi tu, lakini mkono ulikuwa bado wake. Alipomaliza, alisema anataka jambo moja: auone mkoba ule nyuma ya kioo cha Mama Kioo. Alikuwa amepita mbele ya kioo hicho miaka ishirini, na hata siku moja hakuona humo kazi ya mkono wake.

Baba akaupeleka. Mama Kioo aliugeuza, akaunusa, akausifu mshono kwa moyo kabisa. Kisha akaingiza vidole katika mfuko wa ndani, akatafuta lebo. Haikuwepo.

"Kaka yangu, mimi sina neno," alimwambia Baba. "Lakini mteja wangu akiushika mkoba, kitu cha kwanza anasoma umetengenezwa nchi gani. Nikimwambia umeshonwa mtaa wa pili, ataniuliza kwa nini bei si ya mtaa wa pili."

Mkoba ukarudi nyumbani, ukatundikwa kwenye msumari juu ya kichwa cha Babu. Babu akafanya mzaha, akasema hata huo msumari ni duka, ila wateja wake ni buibui. Baba akacheka. Nusu hakucheka, maana yeye alikaa karibu na Babu na aliona kwamba siku nzima hakushona hata mshono mmoja.

Wiki hiyo hiyo uliletwa mkoba wa zamani ambao bitana yake, kitambaa cha ndani, ilikuwa imechanika. Baba akaikata ile bitana, akaitupa katika kapu la mabaki. Nusu alipokwenda kumwaga kapu aliona kitu kinang'aa: lebo ndogo ya ngozi, yenye herufi za dhahabu, na jina la nchi ambayo yeye aliifahamu kwenye ramani ya darasani tu. Akaiweka mfukoni. Baba alipokwenda kununua gundi na Babu aliposinzia baada ya chakula cha mchana, Nusu akautoa mkoba kwenye msumari na kuishona lebo ile ndani ya mfuko, kwa mishono midogo kama mchanga. Alikuwa na mkono mzuri, bahati mbaya. Angekuwa na mkono mbovu, hadithi hii ingeishia hapa na kila mtu angelala vizuri.

Kesho yake kulikuwa na mikoba minne ya kurudisha dukani. Nusu akafunga mitano.

Mama Kioo alifungua karatasi, akauona ule wa tano, akasoma lebo. Alidhani amekosea kuhesabu mzigo wake mwenyewe. Wala hakukumbuka kwamba aliwahi kuushika. Akauweka mbele, katikati kabisa ya kioo. Nyumbani Nusu alisema Mama Kioo amefikiri upya na ameuchukua mkoba. Baba alifurahi, akasema akimaliza mikanda aliyokuwa nayo atakwenda kumshukuru. Babu alikwenda kunawa mikono, ingawa ilikuwa safi.

Jumamosi Babu alivaa shati lake jeupe, akamwomba Nusu amvushe barabara. Nusu alijipa moyo kwamba Babu atatazama kwa nje tu, kisha watarudi. Walisimama mbele ya kioo. Mkoba ulikuwepo, kahawia, unameremeta, na Babu aliutazama muda mrefu sana, mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Halafu akafanya jambo ambalo Nusu hakulitegemea. Akasukuma mlango, akaingia.

Ndani kulikuwa na wanawake watatu wakichagua. Babu akamsalimia Mama Kioo kwa heshima, akasema amekuja kumshukuru kwa kuweka kazi yake mahali pazuri namna ile. Mama Kioo akauliza kazi gani. Babu akauonyesha mkoba. Mmoja wa wale wanawake akacheka kidogo, akaziba mdomo.

Mama Kioo hakuwa mtu mkatili. Alimjua Babu, na alijua mzee amefika umri wa kusahau. Akautoa mkoba, akafungua mfuko, akamwonyesha lebo taratibu, kama mtu anavyomwonyesha mtoto njia ya nyumbani.

"Mzee wangu, huu umetoka mbali. Soma hapa. Wako nilimrudishia mwanao."

Babu akasoma. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akafika pembeni, akarudi. "Lakini huu ni wangu," akasema. Kisha akamgeukia Nusu. "Mjukuu wangu, hebu waambie."

Duka zima likamtazama Nusu. Nusu akatazama sakafu.

Babu akauweka mkoba juu ya meza, akaomba radhi kwa usumbufu, akasema ni uzee, anachanganya mambo. Njiani alimuuliza Nusu mara moja tu kama kweli ndiye aliyesema mkoba ulichukuliwa. Nusu alijibu kwamba ulichukuliwa, labda upo stoo. Uongo wa kwanza ulikuwa unahitaji mwenzake, ukampata.

Tangu siku hiyo Babu hakushona. Baba alipouliza, alisema amechoka. Aibu ya dukani hakumsimulia mtu. Alikaa dirishani, mikono magotini, akiitazama kama vitu vya kuazima. Mara nyingine aliuliza maswali ya ajabu: kama kweli alimaliza ule mkoba, au aliota tu, kama mkanda wa jirani alishona yeye au Baba. Mama yake Nusu alimkandia magoti kwa maji ya moto, akidhani ni baridi. Wiki moja ikapita, ya pili, ya tatu, na Baba, kwa wingi wa mikanda, alikuwa bado hajaenda kumshukuru Mama Kioo. Kila jioni Nusu aliapa kwamba kesho atasema, na kila kesho ilipofika aliona imechelewa kuliko jana.

Wiki ya tano Babu alimwita. Alikuwa amefunga zana zake katika kipande cha ngozi: sindano, kisu, na msharasi wa kutobolea matundu, ambao mpini wake ulikuwa umelika kwa kushikwa.

"Chukua wewe," akasema. "Fundi ambaye hawezi kuitambua kazi ya mkono wake hafai kushika hivi. Nilishika mkoba wa watu, nikaapa kwamba ni wangu. Nikizeeka zaidi nitaapa kwamba na wewe si wangu."

Alijaribu kutabasamu. Nusu hakuweza kuvumilia. Alipiga magoti, akasema yote: lebo, karatasi ya tano, stoo isiyokuwepo. Alisema haraka haraka huku akilia, na Baba akasimamisha cherehani.

Babu akamwomba aseme tena, polepole. Nusu akarudia. Mzee alifumba macho, na machozi yakapita katika mikunjo ya uso wake.

"Kwa hiyo nilikuwa na akili zangu," akasema. "Wiki zote hizi nilikuwa na akili zangu."

Baba hakumpiga Nusu wala hakumfokea, na Nusu aliona afadhali angefokewa. Asubuhi yake alimpeleka dukani, akamwacha aseme mwenyewe mbele ya wateja. Mama Kioo alisikiliza mpaka mwisho, akaketi. Alisema ule mkoba aliushika mara mbili. Mara ya kwanza hakuona jina la nchi, akaurudisha. Mara ya pili aliona jina la nchi, akauweka katikati. Ngozi ilikuwa ile ile, mshono ule ule. Mtoto alidanganya, akasema, lakini yeye ndiye aliyeuza kwa macho yaliyofumbwa.

Aliitoa lebo kwa mkasi, akafunga duka, akaja karakana. Aliketi kwenye kigoda cha Nusu, magoti yakiwa karibu na kidevu, akamwomba Babu radhi. Babu alimjibu kwamba radhi ameipokea, ila asikae sana hapo, kigoda hicho kimeshatupa watu wazito kuliko yeye. Mama Kioo akacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Mkoba ukarudi nyuma ya kioo, safari hii na karatasi yenye jina la Babu na jina la mtaa wao. Sitaki kuwadanganya: wengi walisoma karatasi, wakapita. Mwezi ulikaribia kuisha ndipo mwalimu mmoja wa kike akaingia, akaugeuza ndani nje, akauvuta mkanda kwa nguvu, akatazama pembe zote nne. Akaununua. Siku mbili baadaye alikuja mwenyewe karakana, akaomba mwingine kwa ajili ya dada yake, ila ushonwe na mkono ule ule.

Babu akafungua zana. Akatunga nyuzi katika sindano mbili, akashika ngozi katikati ya magoti. Mshono wa kwanza ulikwenda pembeni. Wa pili ulikwenda pembeni zaidi. Vidole vilivyokaa wiki nyingi vilikuwa vimekakamaa, vinatetemeka kama vya mtu mwenye homa. Alijaribu mpaka jasho likamtoka, kisha akaweka zana chini.

"Akili imerudi," akamwambia mgeni. "Mikono ndiyo iliyokwenda. Mwanangu atakushonea. Ni fundi mzuri, nilimfundisha mimi."

Mgeni alipoondoka, Nusu alikwenda kukaa uani. Baba akamfuata, akakaa karibu naye.

"Pengine mikono yake ingechoka tu," Baba akasema. "Babu ni mzee. Lakini zile zingekuwa wiki zake za mwisho za kushona, na alizitumia kuogopa kwamba amepoteza akili. Hizo hatuwezi kumrudishia."

Nusu akasema kwamba alitaka kumsaidia.

"Najua ulitaka. Ila sikiliza, mwanangu. Kuandika nchi kwenye mkoba si jambo baya. Mnunuzi ana haki ya kujua. Lakini jina la nchi halishiki sindano. Kule mbali kuna mafundi wazuri na wabovu, kama hapa. Anayenunua na afungue mkoba, atazame mshono, auvute mkanda, aulize nani ameushona. Na anayeuza aseme kweli. Wewe ulichukua sifa ya aliyeshona ukampa ambaye hakushona. Hata huyo fundi wa mbali ulimkosea, maana ulimwekea kazi asiyoijua. Na siku Babu alipokuomba useme, aibu yako ingekuwa ya dakika moja. Ulipoikwepa, akaibeba yeye kwa wiki tano."

Baba alimshika Nusu mkono, akamrudisha ndani, akamkalisha dirishani mahali pa Babu, na Babu akasogezewa kiti ubavuni mwake. Akapewa sindano mbili na kipande cha ngozi. Babu hakuweza kuona vizuri mshono ule, lakini aliinamisha kichwa, akasikiliza uzi ukipita katika tundu.

"Umelegea," akasema. "Fumua."

Nusu akafumua, akaanza tena.