Kipimo cha Maji cha Mto Otter

Kila asubuhi ya likizo ya kiangazi, kabla hata ya kunywa maziwa, Marit Lunde aliteremka hadi darajani kusoma kipimo cha maji. Kilikuwa mistari ya futi iliyopakwa rangi nyeupe kwenye nguzo. Alichosoma alikiandika kwa chaki kwenye ubao wa kituo cha baba yake, ambapo watu walianzia safari za mitumbwi. Maji yakizidi futi nne, hakuna aliyeruhusiwa kuingia mtoni.

Mto Otter hutoka mbali kaskazini, katikati ya mashamba ya mahindi ya jimbo la Iowa. Mvua ikinyesha huko juu usiku, asubuhi mto hujaa hata kama huku chini halijadondoka tone. Marit alilijua hilo tangu akiwa mdogo.

Jumamosi moja, rafiki yake Paige alimkuta anafunga kamba za viatu.

"Twende bwana, wenzetu wameshafika bwawani," Paige alisema, mguu mmoja juu ya baiskeli.

"Ngoja nikasome maji."

"Jana yalikuwa ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Sasa jua lote hili, yatakuwa yameongezeka kutoka wapi?"

Marit aliangalia mbingu. Hazikuwa na wingu. Aliandika mbili na nusu ubaoni, akapanda baiskeli yake.

Baba yake, Curt, alikuwa ameondoka na gari kupeleka mahema kwenye uwanja wa kambi. Saa tatu hivi alifika Mwalimu Tvedt na mtumbwi wake wa kijani. Alikuwa bibi wa miaka sabini na minne, na alikuwa amemfundisha kusoma karibu kila mtu wa mji ule, Curt akiwemo. Aliona maji yamechafuka, lakini aliuamini ubao. Akavaa jaketi la kuokolea maisha, akashika kasia.

Kwenye kona chini ya jabali, mti mkubwa ulikuwa umeangukia mtoni. Siku za maji machache, mtumbwi hupita kando yake bila shida. Siku hiyo mkondo uliusukuma mtumbwi moja kwa moja kwenye matawi, ukapinduka. Wavuvi wawili walimvuta Mwalimu Tvedt akiwa amening'inia kwenye tawi, bega limevunjika.

Curt aliporudi na kusikia habari, alikwenda darajani mwenyewe. Futi nne na nusu.

"Marit, asubuhi yalikuwa ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Ulishuka ukaangalia?"

"Nilishuka, baba."

"Basi yamepanda baadaye. Maskini Mwalimu. Pengine umri umemfikia."

Neno hilo lilienea mjini. Dukani na kanisani watu walitikisa vichwa: bibi kazeeka, haoni vizuri tena. Marit aliyasikia yote. Kila akitaka kusema, siku nyingine ilikuwa imeshapita, na uongo nao ukawa mzito zaidi.

Jumatano jioni alimwambia baba yake. Curt hakumpigia kelele. Alichukua funguo za gari tu, wakaenda.

Mwalimu Tvedt alikuwa amekaa barazani, mkono umefungwa kifuani. Marit alisimama mbele yake, akasema yote.

"Kwa hiyo sikukosea kusoma ubao," Mwalimu alisema taratibu.

"Hapana, Mwalimu. Ubao ulikuwa na namba ya uongo. Mimi ndiye niliyedanganya."

"Tangu Jumapili nimekuwa nikijiuliza kama akili zinaniacha. Mwanangu Roger alisema nimezeeka, mto si wangu tena. Nikamwamini. Jana aliuza mtumbwi."

Marit alitazama ukuta wa baraza. Vigingi viwili vya kuning'inizia mtumbwi vilikuwa vitupu.

"Tutampata aliyeununua," Curt alisema. "Kesho nitaongea na Roger, na mjini nitawaambia watu ukweli."

"Waambie, Curt. Hilo nitashukuru. Mtumbwi uache, daktari anasema bega hili halitashika kasia tena." Kisha akamgeukia Marit. "Njoo ukae hapa. Bega limevunjika kwa kosa la asubuhi moja, na mtoto yeyote angeweza kulifanya. Lakini ungesema Jumamosi ile ile, ningekuwa na bega bovu tu. Kwa siku nne ulizonyamaza, nilijiona mjinga mbele ya watu niliowafundisha. Umekuja, na najua haikuwa rahisi. Utakosea tena maishani, mwanangu. Siku ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajaanza kuubeba mzigo wako."