Kizibo Cheupe

Mama Pacha alikuwa akipiga msasa mlango tangu asubuhi. Kila aliposugua, unga mwekundu wa mbao uliruka ukatua kwenye kope zake, kwenye kilemba na ndani ya kikombe cha chai. Alipokohoa aliinama, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Mumewe, fundi Randa, alimwambia apumzike. Akajibu kwamba atapumzika mlango ukiisha. Mlango ulipoisha, ukaja mwingine.

Randa halikuwa jina lake la kuzaliwa. Baba yake alikuwa seremala, na aliwapa wanawe wawili majina ya utani ya vifaa vyake. Mkubwa alimwita Randa, kwa kuwa alitaka kila kitu kinyooke. Mdogo alimwita Patasi, kwa kuwa alikuwa mwembamba na mwenye ulimi mkali. Baba alipofariki, ndugu hao waliigawa karakana yake katikati kwa ukuta wa mabanzi. Huku akafanya kazi Randa na mkewe. Kule akafanya kazi Patasi na mkewe. Mama yao alibaki kuishi nyumbani kwa Randa.

Watu wa mtaa wa maseremala walisema ndugu hao wanapendana, na ilikuwa kweli. Lakini Randa alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuusema kwa mtu. Hakuweza kusikia mdogo wake akisifiwa. Siku Patasi alipopewa kazi ya madawati ya shule, Randa alimpongeza kwa mikono miwili, kisha akarudi nyumbani na chakula kikamshinda. Mama yao naye alikula kwa Randa, akalala kwa Randa, akafuliwa nguo na mke wa Randa, lakini mdomoni mwake ilikuwa Patasi asubuhi, Patasi jioni.

Basi, watafiti kutoka chuo kikuu wakaja mtaani. Walitaka kujua jinsi ya kupunguza vumbi la mbao, kwa sababu mafundi wengi walikuwa wakikohoa. Waliita mkutano kwenye uwanja wa kuuzia mbao. Randa hakwenda. Alisema ana kitanda cha kumaliza. Ukweli ni kwamba alikuwa amemwona Patasi akiwabebea wageni viti, akajua huko ataketi mbele. Akamtuma mkewe.

Mama Pacha alirudi na kizibo cheupe cha chupa. Alieleza kwamba vizibo vilitiwa kwenye mfuko, na kila karakana iliyokubali kushiriki ikachukua kimoja bila kuangalia. Waliotoa chekundu watafungiwa mashine ya kunyonya vumbi. Waliotoa cheupe wataendelea kufanya kazi kama kawaida, nao watapimwa vifua.

"Patasi ametoa kipi?" Randa akauliza.

"Chekundu. Lakini ngoja, baba, kuna jambo jingine walisema kuhusu sisi wa vyeupe..."

Randa alikuwa ameshashika randa yake. Hakutaka kusikia jambo jingine. Alisema mtu aliyebeba viti vya wageni hakosi kulipwa.

Mashine ikafungwa. Ilikuwa na mdomo mpana kando ya meza ya Patasi, na bomba refu lililotoka nje hadi uani, likamwaga vumbi kwenye gunia. Kutwa nzima ililia upande wa pili wa mabanzi, vuuu, vuuu. Randa aliisikia hata ilipozimwa. Wateja wakawa wanasimama mlangoni kwa Patasi kuitazama. Patasi akaanza kuja kazini na shati jeupe. Kila Randa alipoliona shati lile, roho ilimuuma. Mkewe akikohoa, ilimuuma mara mbili. Alijiambia kwamba anaumia kwa ajili ya mkewe. Lakini hakumtafutia mkewe hata barakoa. Alichofanya ni kusikiliza ukuta.

Halafu mama yao akahamisha kiti chake. Kwa miaka mingi alizoea kuketi kwenye karakana ya Randa asubuhi, akinywa chai na kusalimia wapita njia. Sasa akasema kifua chake kibovu kinapenda hewa ya kwa Patasi. Akachukua kiti, kikombe na mkeka wa miguuni, akavuka. Randa alimsaidia kubeba kiti. Hata alitabasamu. Tabasamu lile lilimkauka usoni kama gundi.

Siku iliyofuata mchana, Patasi na mkewe walikwenda kupeleka kabati kwa mteja. Mama alikuwa amerudi nyumbani kupumzika. Randa alipita uani. Alitazama huku na huku. Akachukua kitambaa kikuukuu cha kufutia vanishi, akakikunja, akakisukuma ndani ya bomba kwa ubao mwembamba mpaka mkono ukamwishia. Kisha akarudi kwenye kazi yake. Kwa mara ya kwanza tangu mashine ije, alipiga mluzi.

Mashine iliendelea kulia kama kawaida, ila haikunyonya kitu. Patasi hakutambua upesi. Watafiti walikuwa wamemwonya asiache kuvaa barakoa, lakini aliiamini mashine, akaitundika barakoa msumarini. Alikata mbao kavu siku mbili mfululizo. Vumbi likajaa chumba kizima, na katikati ya vumbi hilo aliketi mama yao na kikombe chake.

Asubuhi ya tatu mke wa Patasi alipiga yowe. Randa aliruka hadi upande wa pili, akamkuta mama yake ameegemea ukuta, midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi na pumzi haiji. Wanawe wawili walimbeba kwa kiti kilekile hadi barabarani, wakapata gari, wakamfikisha hospitali. Daktari alisema ni pumu, na kwamba wangechelewa kidogo tu angesema maneno mengine. Mama akawekewa hewa kwa barakoa ya hospitali. Patasi alilia waziwazi. Randa hakulia. Aliomba ruhusa akamchukulie mama nguo za kubadilisha, akatoka.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia karakana, na hapo akamkuta mtafiti mmoja, mwanamke wa makamo ambaye mafundi walimpa jina la Mtazamaji. Wenzake walipima vifua na upepo. Yeye kazi yake ilikuwa kuketi pembeni na kutazama watu wanavyofanya kazi. Siku hiyo alikuwa amesimama kwa Patasi mbele ya kipima vumbi, kidude kidogo kilichotundikwa ukutani.

Alimpa Randa pole kwa ugonjwa wa mama. Kisha akasema kuna jambo linamsumbua. Kipimo kinaonyesha kwamba kwa siku tatu vumbi la humu limekuwa jingi kama la karakana isiyo na mashine. Mhandisi wao yuko safarini. Asipojua sababu, itabidi waandike kwamba mashine za aina hii hufanya kazi kwa muda, kisha hushindwa. Maseremala wa miji mingine wataambiwa wasizitumie.

Randa alitoa jambo ambalo lilikuwa limemkaa kooni kwa muda mrefu.

"Mke wangu anakohoa kuliko wote mtaani," alisema. "Mkampa mashine mdogo wangu. Sisi mnatupima tu, kama ng'ombe wa mnada. Kwa nini?"

Mtazamaji hakukasirika. Alivuta benchi, akamwomba aketi, naye akaketi.

"Fundi, nikikuletea vanishi mpya, nikasema ni bora kuliko ya zamani, utajuaje kama nasema kweli?"

Randa alijibu kwamba hilo ni jepesi. Angechukua ubao mmoja, nusu akapaka mpya, nusu akapaka ya zamani, akauacha juani na kwenye mvua.

"Kwa nini usipake ubao wote vanishi mpya?"

"Nitalinganisha na nini?"

"Ndiyo hivyo," alisema Mtazamaji. "Ninyi wa vizibo vyeupe ndiyo ile nusu ya pili ya ubao. Bila ninyi hatujui chochote. Na mimi ninayetaka vanishi yangu ishinde, ukiniacha nichague nusu ya kupaka, nitachagua ipi?"

"Ile nzuri. Isiyo na vifundo."

"Basi ndiyo sababu hatukuchagua. Tulipiga kura. Mkono wa mkeo ungeweza kutoa chekundu kama mkono wa mdogo wako. Tukichagua kwa huruma, au kwa urafiki, tunajidanganya wenyewe, kisha tunawadanganya na watu."

Alimweleza pia lile jambo ambalo Mama Pacha alitaka kusema siku ya mkutano. Utafiti ukiisha, kitakachoonekana kufaa watapewa wa vyeupe pia, na yeyote ambaye kifua chake kinazidi kuwa kibaya katikati ya utafiti hupelekwa kwa daktari bila kungoja. Mama Pacha alikuwa na barua ya daktari tangu wiki ya kwanza. Hakwenda, kwa sababu mumewe hakutaka kusikia habari za watu wale.

Randa aliuliza kwa nini wako wengi hivyo kwa kikohozi kimoja. Mtazamaji alicheka kidogo. Alisema elimu moja haitoshi, kama vile nyundo peke yake haijengi kabati. Daktari anajua mapafu, ila hajui upepo unavyopita ndani ya bomba. Mhandisi anajua upepo, ila hajui kwa nini fundi anavua barakoa. Mtu wa hesabu hupima kama tofauti waliyoiona ni ya kweli au ni bahati tu. Mwanahistoria wao alikuwa akizunguka kwa mafundi wastaafu kuuliza mbao zipi zilitumika zamani, maana vumbi la mbao nyingine ni kali kuliko la nyingine. Kila mmoja huleta kipande chake, kisha huviunga pamoja.

Randa alitazama mdomo wa mashine. Aliona njia rahisi. Angengoja huyu mtafiti aondoke, apite uani, achomoe kitambaa, na hakuna ambaye angejua hadi mwisho wa dunia. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari za watu wengine, mambo yangekuwaje iwapo mashine ingepona yenyewe.

"Namba zingebaki na uongo ndani yake," alisema Mtazamaji. "Nasi tungeujengea nyumba juu."

Randa akasimama, akamwambia amfuate uani. Alichomoa kitambaa kwa waya, mbele yake. Kilitoka kimejaa unga mwekundu, na kikanuka vanishi yake mwenyewe. Hakueleza sana. Alisema tu, "Ni mimi. Nilimwonea wivu mdogo wangu."

Mtazamaji hakumgombeza. Alimwambia kwamba ataandika kuwa bomba lilizibwa, na siku hizo hazitahesabiwa kama siku za mashine. Kuhusu mdogo wake na mama yake, alisema, hilo halikuwa la utafiti. Hilo lilikuwa la Randa mwenyewe.

Randa alirudi hospitali na nguo za mama. Mama alikuwa amepata nafuu, ameketi kitandani. Randa akawaambia wote wawili, mama na Patasi, alichofanya, palepale, akiwa amesimama. Patasi alimtazama muda mrefu. Akatoka nje. Mama ndiye aliyezungumza, kwa sauti ndogo.

"Hasidi hana sababu, wanasema. Lakini wewe unayo, na mimi ni nusu yake. Nimekula kwako miaka yote hii na sijasema ahsante. Nilidhani mtoto mkubwa hahitaji."

Hapo Randa alilia.

Patasi hakuzungumza na kaka yake kwa wiki kadhaa. Alimsalimia kwa kichwa tu. Mke wa Patasi naye akafunga ufa wa ukuta ambamo yeye na Mama Pacha walizoea kupitishiana chumvi na umbea. Randa alivumilia. Alimpeleka Mama Pacha kwa daktari yeye mwenyewe, akanunua barakoa nzuri mbili, akavaa yake hata jasho lilipomtoka. Asubuhi moja Patasi alikuja kuazima msumeno, ingawa alikuwa na wa kwake. Randa akampa. Ndivyo walivyoanza tena.

Utafiti ulipoisha, watafiti waliita mkutano mwingine kuleta majibu. Safari hii Randa alikwenda. Walisema mashine imepunguza vumbi na kikohozi, lakini si kwa kiasi walichotarajia. Kisha Mtazamaji akasimama. Alisema katika kutazama kwake aligundua kwamba vumbi baya zaidi halitoki kwenye msumeno, linatoka kwenye ufagio. Mafundi hufagia pakavu jioni, na unga wote wa kutwa hupanda tena hewani. Karakana moja ya kizibo cheupe ilikuwa tofauti jioni, kwa sababu mwanamke mmoja alinyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia. Hawakuamini papo hapo. Waliijaribu njia hiyo katika karakana nyingine, wakapima, wakapima tena, wakaona ni kweli. Akamwomba Mama Pacha aje mbele aonyeshe anavyofanya.

Watu wakapiga makofi. Randa naye alipiga, na papo hapo akauhisi ule moto wa zamani ukimpanda kifuani, maana wivu ule haukumbagua hata mkewe. Aliujua sasa. Aliuacha ukapanda, ukafika kooni, ukashuka, naye akaendelea kupiga makofi mpaka mkewe alipoketi.

Mashine zikafungwa kwa wa vyeupe pia. Mtaa mzima ukaanza kunyunyiza kabla ya kufagia, na barakoa zikashuka misumarini. Kikohozi cha Mama Pacha hakikuisha chote, lakini aliweza kupiga msasa mlango na kuimba wimbo mzima bila kukata.

Mwaka uliofuata wakaja watafiti wengine, wa masikio, kuchunguza kelele za misumeno. Kiongozi wao, kijana mwenye haraka, alieleza kidogo akataka watu watie sahihi. Randa alinyanyua mkono. Aliuliza wanataka kujua nini hasa. Aliuliza watalinganisha nani na nani, na nani anachagua. Aliuliza majina ya watu yatafichwaje, na majibu watarudishiwa lini. Kijana ilibidi aketi, ajibu moja moja.

Patasi, aliyeketi kando yake, alimnong'oneza kwamba amesahau swali moja: mtu akitaka kujitoa katikati, anaruhusiwa?

"Uliza wewe," Randa akamwambia. "Wewe una ulimi."

Patasi akasimama, akauliza. Watu waliokuwa nyuma walisema swali hilo ndilo lililokuwa zuri kuliko yote. Randa aliwageukia, akasema ni kweli.